Kuosha vipuri kwa sauti: faida iko kwenye maji, si kwenye mashine

Katika gereji nyingi za Gerezani, Dar es Salaam, na za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kuosha vipuri bado ni kazi ya karai, petroli na brashi ya waya. Kabureta ya pikipiki hulowekwa, husuguliwa, hupulizwa kwa kompresa, kisha hufungwa tena. Njia hiyo imelisha familia nyingi, na kwa chuma kipana kisicho na vijia vya ndani inatosha.

Lakini injini zimebadilika. Nozeli ya dizeli ya kisasa ina matundu yenye upana wa milimita 0.1 hadi 0.2 tu, na katika baadhi ya injini dizeli husukumwa humo kwa shinikizo la zaidi ya baa 2,000. Hakuna brashi inayofika huko. Fundi anayechokonoa kwa waya hulipanua tundu, dizeli inaacha kunyunyizwa inaanza kumwagika, na mteja anarudi na gari linalofuka moshi mweusi. Hasara ya aina hii ndiyo inayowafanya wenye gereji waulizie mashine za kuoshea kwa ultrasoniki.

Mashine yenyewe haina mambo mengi. Ni beseni la chuma kisichoshika kutu, na chini yake zimebandikwa seramiki zinazotetemeka zikipata umeme, kwa kawaida mara 25,000 hadi 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Mtetemo huo huyavuta maji na kuyabana kwa zamu: yakivutwa, viputo vidogo sana vinazaliwa, yakibanwa, vinaporomoka. Hali hiyo huitwa kavitesheni. Kiputo kinapoporomoka karibu na uso wa chuma hurusha mchirizi mwembamba wa maji wenye kasi kubwa, na mamilioni ya michirizi hiyo ndiyo inayobandua masizi na mafuta yaliyoganda. Kwa kuwa viputo huzaliwa popote maji yalipo, hata ndani ya kijia kilichopinda, uchafu uliojificha hufikiwa bila kuguswa.

Nguvu hii ilijulikana kwanza kama adui. Mwishoni mwa karne ya 19 wahandisi wa Uingereza waliona propela za meli ziendazo kasi zikipoteza nguvu kwa sababu ya viputo, na mwaka 1917 Lord Rayleigh akapiga hesabu ya shinikizo la kiputo kinachoporomoka. Wakati huohuo, nchini Ufaransa, Paul Langevin alikuwa akitengeneza kitetemeshi cha kutafutia nyambizi, akitegemea tabia ya fuwele iliyogunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Kufikia miaka ya 1950 mambo hayo mawili yalikwishakutana ndani ya beseni la kuoshea.

Kilichoipa biashara hii msukumo mkubwa, hata hivyo, ni kemia. Kwa miongo mingi viwanda viliondoa grisi kwa viyeyushi kama trikloroethilini na CFC-113. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizifungia njia kemikali za jamii ya CFC kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, na mwishoni mwa 2024 Marekani ilitoa kanuni ya kuipiga marufuku trikloroethilini yenyewe. Viwanda vikarudi kwenye maji na sabuni. Maji peke yake ni dhaifu mbele ya grisi, na mtetemo ukaziba pengo hilo.

Hapo ndipo wanunuzi wetu wengi wanapokosea. Wanalinganisha wati na bei, wanasahau kwamba mashine husukuma tu, na kinachoyeyusha ni dawa iliyomo majini. Dawa kali ya alkali hung'oa mafuta vizuri kwenye chuma cha pua na chuma cha kawaida, lakini hula alumini, na kabureta nyingi ni za alumini au aloi ya zinki. Kwa hizo hutakiwa dawa laini yenye kinga ya chuma. Kutu na magamba ya chokaa huhitaji asidi nyepesi. Kaboni iliyookwa na joto la injini kwa miaka hulowekwa kwanza, ndipo itikisike. Petroli na tina haziingii kabisa kwenye beseni hili: joto na mtetemo huzitoa mvuke, na cheche moja huchoma gereji nzima. Nalisisitiza hili kwa sababu mazoea ya karai hayaachi mikono kwa siku moja.

Joto nalo lina kipimo chake. Kwa maji yenye sabuni, nyuzi 50 hadi 65 za Selsiasi hufaa. Yakikaribia kuchemka, viputo hujaa mvuke na kuporomoka kwa ulegevu. Maji mapya yana hewa inayomeza nguvu ya mtetemo, kwa hiyo mashine huachwa itetemeke na maji hayo bila vipuri kama dakika 10 kabla ya kazi. Vipuri hukaa kwenye kikapu, visiguse sakafu ya beseni. Vikitoka husuuzwa, hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi, maana chuma kilichovuliwa mafuta yote huanza kushika kutu ndani ya saa chache. Masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, pia huchaguliwa: 25,000 hutoa viputo vikubwa vya kutosha kwa silinda hedi, 40,000 hufaa kazi nyingi za gereji, na yanayozidi 80,000 ni ya vitu laini. Masafa ya chini yanaweza kukwangua beringi na alumini iliyong'arishwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Kupasha lita 30 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula takriban uniti 1.2 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea. Kitetemeshi cha wati 600 kikifanya kazi nusu saa hula uniti 0.3. Kwa maneno mengine, gharama kubwa ni kupasha, na anayewasha mashine kwa ajili ya kabureta moja anajipa hasara. Kazi hukusanywa, mfuniko hufunikwa, maji yaleyale hutumika hadi dawa ichoke. Kisha kuna taka: mafuta yanayoelea huenguliwa na matope ya chini hukusanywa. Kuyamwaga mtaroni ni kuhamishia gharama kwa majirani wanaochota maji ya visima.

Kwa injekta ya umeme, beseni ni nusu ya kazi. Lazima kuwe na kifaa cha kuifungua na kuifunga kwa umeme wakati inaoshwa, na benchi la kupimia unyunyizaji na kiasi cha mafuta kabla na baada. Bila benchi, fundi anauza matumaini. Tena usafi haurudishi chuma kilicholika: nozeli iliyopanuka itatoka inang'aa na bado itavuja. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Ndiyo maana naona gereji ya kawaida haina sababu ya kununua mashine kubwa. Tayari mafundi wetu hawachongi kila kitu wenyewe. Silinda bloku hupelekwa kwa wenye mashine za kuchongea, na pampu ya dizeli kwa fundi pampu. Kuosha kwa ultrasoniki kunafaa kufuata mkondo huohuo: duka moja lenye beseni kubwa, dawa sahihi na benchi la kupimia, likihudumia gereji za mtaa mzima. Beseni dogo la lita chache, kwa upande mwingine, lina hesabu nzuri kwa fundi wa bodaboda anayefungua kabureta kila siku, mradi umeme wake ni wa uhakika.

Anayetaka kununua asilipe kwa kuangalia kibandiko cha wati. Aombe mashine iwashwe ikiwa na maji yenye sabuni, atumbukize kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni kwa dakika moja, kisha akitoe. Kikiwa kimetobokatoboka na kukunjamana kila upande, mtetemo umeenea. Kikitoka kilivyoingia, arudi nyumbani na pesa yake.