Nafasi Tupu Katika Hati: Mfano wa Karatasi ya Retoti

Katika machimbo madogo ya Mgusu, Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita, na hali kadhalika Mwakitolyo mkoani Shinyanga, wachimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, nao hudhuru neva. Retoti ni chombo kilichofungwa, chenye bomba ambamo mvuke hupoa na kurudi kuwa zebaki.

Ichukuliwe mathalani karatasi ya maelekezo yenye hatua tano: weka mchanganyiko, funga kifuniko, pasha moto, acha ipoe kabisa, fungua. Chini yake pana onyo: "Usifungue kabla ya kumaliza hatua ya 4." Mwandishi ameandika tarakimu zote kwa mkono wake. Baadaye mtu mwingine anaongeza hatua ya kwanza, "Chagua mahali pa wazi mbali na nyumba", na kusahihisha tarakimu za orodha, lakini onyo halikumbuki. Sasa hatua ya 4 ni kupasha moto. Karatasi iliyokusudiwa kumlinda mchimbaji inamruhusu kufungua chombo kingali na mvuke.

Laiti tarakimu zingewekwa na programu yenyewe, orodha ingejipanga upya. Onyo nalo huweza kufungwa kwenye hatua yake kwa kiungo cha rejea. Ila yafaa ikumbukwe kwamba katika Microsoft Word kiungo hicho aghalabu husubiri kichaguliwe na kitufe cha F9 kibonyezwe.

Kosa la pili ni la urithi. Katika taipureta ya kawaida kila herufi ilichukua upana ule ule, herufi 10 kwa inchi katika mashine nyingi. Mpiga chapa aliyegonga nafasi tano aliingiza aya nusu inchi ndani, yaani sentimita 1.27, na safu zake zilinyooka kama reli. (Kipimo hicho hicho ndicho kituo cha kawaida cha kitufe cha Tab katika Word hadi leo.) Herufi za Times New Roman si hivyo: m ina upana unaokaribia mara tatu ya i, na nafasi tupu ni nusu ya tarakimu. Anayepanga kwa kugonga nafasi majina ya machimbo na gramu za dhahabu kwa tani ataona 4.2 na 12.5 zimepishana, na msomaji mwenye haraka hukosea nukta. Dawa yake ni kituo cha Tab cha desimali, kinachosimamisha nukta zote katika mstari mmoja, au jedwali.

Vivyo hivyo, tahadhari zilizo chini ya hatua ya kupasha moto ziingizwe ndani kwa rula ya programu. Zikiingizwa kwa nafasi tupu, mstari wa pili hurudi ukingoni, na tahadhari huonekana kama hatua mpya.

Darasani, mwalimu aweza kuwasha alama ya ¶ katika hati yoyote ya shule. Kila nafasi iliyogongwa itaonekana kama nukta, na kila Tab kama mshale. Wanafunzi wahesabu nukta.