Punguzo la nauli lapatikana, anayeleta ubao hajulikani

Pauni 20 kwa mwaka, au 54 kwa miaka mitatu: hiyo ndiyo bei ya kadi ya reli ya watu wenye ulemavu nchini Uingereza. Anayeinunua hupunguziwa theluthi moja ya nauli, na mtu mzima mmoja anayesafiri naye hupata punguzo hilo hilo. Machi 2025 kadi nyingi za punguzo, zikiwemo za vijana na za wazee, zilipanda kutoka pauni 30 hadi 35. Hii ya wenye ulemavu haikuguswa. Wala haichagui saa: kijana anayesafiri na kadi yake kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi huwekewa kima cha chini cha nauli, mwenye ulemavu hawekewi.

Ukiitazama kwa haraka utadhani ni sadaka. Mhasibu haioni hivyo. Tuseme nauli ni pauni 60. Abiria na msaidizi wake watalipa 40 kila mmoja, jumla 80, ndani ya treni ambayo ingeondoka kwa ratiba ile ile hata viti vyao viwili vingekuwa vitupu. Asiyeweza kusafiri peke yake hulazimika kununua tiketi mbili kwa safari moja; bila punguzo angetakiwa kutoa 120, na pengine angeamua kubaki nyumbani. Kiti kitupu hakimlipi mtu.

Gharama inayouma iko mlangoni mwa behewa. Stesheni nyingi za Uingereza zilijengwa zama za treni za mvuke, na kati ya ukingo wa jukwaa na sakafu ya treni kuna mwanya na kimo ambavyo kitimwendo hakiwezi kuvivuka. Dawa yake ni ubao wa kupandia, unaokunjwa na kuhifadhiwa stesheni au ndani ya treni. Ubao wenyewe si ghali. Ghali ni mtu wa kuuleta, kuufungua, kusukuma kiti, kuukunja tena, kisha kupiga simu stesheni ya mbele na kutaja treni, behewa na saa ya kufika. Mshahara wake unalipwa kila siku, abiria aje asije.

Huduma hiyo inaitwa Passenger Assist na haitozwi hata senti. Tangu Aprili 2022 inatosha kuomba saa mbili kabla ya safari, kwa simu au kwa programu ya simu ya mkononi. Kwa ulinganisho, shirika la reli la Ujerumani kwa kawaida hutaka taarifa kabla ya saa mbili usiku wa siku iliyotangulia.

Mnyororo huo wa msaada hukatika kirahisi. Jumatatu ya tarehe 26 Agosti 2024, Tanni Grey-Thompson, mshindi wa medali 11 za dhahabu za Paralimpiki na mjumbe wa Baraza la Malodi, alitoka Leeds kwenda London akiwa njiani kuelekea michezo ya Paris. Treni aliyoombea msaada ilimpita, akapandishwa iliyofuata. Walioko Leeds walimwekea ubao. Katika stesheni ya King's Cross, London, hakutokea mtu wa kumteremsha. Alisubiri zaidi ya dakika 15, kisha akateremka sakafuni na kujiburura hadi jukwaani. Kampuni ya treni iliomba radhi. Tiketi haikuwa na kasoro, wala treni. Kilichokosekana ni mtu mmoja.

Nani alipe pengo kati ya nauli kamili na iliyopunguzwa? Kila nchi ina jibu lake. Ujerumani imeliandika katika sheria: wenye ulemavu mkubwa wanaotimiza masharti hununua stempu ya euro 104 kwa mwaka, wakapanda treni za mikoani bila nauli, na serikali huyafidia makampuni. Anayeruhusiwa kuwa na msaidizi, msaidizi wake husafiri bure hata kwenye treni za mwendokasi. India hukata hadi asilimia 75 katika madaraja ya kawaida, na msaidizi naye hupata punguzo hilo. Machi 2020, korona ilipoingia, nchi hiyo ilisimamisha punguzo la wazee, ila la wenye ulemavu likabaki.

Uingereza yenyewe ilijaribu kubana matumizi kwa kuwaondoa watu. Julai 2023 makampuni yalitangaza mpango wa kufunga karibu madirisha 1,000 ya tiketi, kwa hoja kwamba abiria wengi hununua kwa simu au kwenye mashine. Maoni zaidi ya 750,000 yalimiminika, na mashirika ya wenye ulemavu yalikuwa mstari wa mbele: asiyeona atasomaje kioo cha mashine, na ubao utaletwa na nani? Tarehe 31 Oktoba mwaka huo serikali iliyataka makampuni kuuondoa mpango huo.

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni kuuondoa ubao badala ya mtu. Eneo la Liverpool liliagiza treni 53 kutoka kwa kampuni ya Stadler ya Uswisi, mradi wa karibu pauni milioni 500, na ya kwanza ilianza kubeba abiria Januari 2023. Mlango ukifunguka, kidaraja hujisukuma chenyewe na kuziba mwanya, na majukwaa yalirekebishwa yalingane na sakafu. Mama mwenye kigari cha mtoto na msafiri mwenye sanduku zito nao hupita hapo hapo.

Mwenye kitimwendo huteremka katika stesheni ya Lime Street, Liverpool, bila kumwita mtu, akaingia lifti hadi stesheni kuu iliyo juu. Akitaka kuendelea na safari hadi London, hapo sasa anamtafuta mwenye ubao.