Jinsi vyama vya hospitali vinavyoshinikiza Serikali kuhusu sera za afya

MGONJWA anapofika hospitalini na kuambiwa kuwa kadi yake ya bima haipokelewi hadi Serikali ilipe madeni, aghalabu huwa amejipata katikati ya mvutano ulioanzia mbali na dirisha la malipo. Mvutano huo huwa kati ya vyama vinavyowakilisha wamiliki wa hospitali na maafisa wanaoamua ni huduma ipi italipiwa, kwa kiasi gani na lini.

Nchini Kenya vyama hivyo ni kadhaa. RUPHA huwakilisha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, nyingi zikiwa ndogo. Hospitali za makanisa ya Kiprotestanti zimo katika muungano wa CHAK, nazo za Kikatoliki husemewa na Baraza la Maaskofu. Masilahi yao hayafanani kila mara, ila bima ya umma inapochelewa kulipa, wote hulia kilio kimoja.

Kazi kubwa ya vyama hivi hufanywa kimyakimya, kwa maandishi. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Kwa hivyo, mswada unapochapishwa, chama hukusanya maoni ya wanachama, huyaandika kifungu baada ya kifungu, kisha huyawasilisha mbele ya kamati ya afya. Ushirikishaji huo si jambo la kupuuzwa. Sheria mpya za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023 ziliharamishwa na Mahakama Kuu Julai 2024, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa iliusitisha uamuzi huo Septemba mwaka huo, na Oktoba 1 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua mahali pa NHIF, iliyokuwapo tangu 1966.

Hata hivyo, sheria yenyewe huacha mengi yaamuliwe baadaye kupitia kanuni na jedwali la viwango vya malipo. Wananchi wengi walijadili asilimia 2.75 ya mapato waliyotakiwa kuchangia. Wenye hospitali walilisoma jedwali. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka wa 2024, kujifungua kwa njia ya kawaida kulitengewa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Malipo ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo yalipanda kutoka Sh9,500 za enzi ya NHIF hadi Sh10,650 kwa kila kikao. Kiwango kikiwa chini ya gharama, hospitali humdai mgonjwa nyongeza au huiacha huduma hiyo. Kikipanda kupita kiasi, hazina huishiwa mapema. Ndiyo maana madai ya vyama hivi hayapaswi kupokelewa kama sauti ya wagonjwa moja kwa moja, japo mara nyingi hutolewa kwa jina lao.

Silaha ya pili ni takwimu. Hospitali yenye vitanda 20 haithubutu kumkosoa hadharani anayeilipa, ikihofia kuadhibiwa. Chama huziuliza hospitali nyingi kwa pamoja zimelipwa kiasi gani na zinadai nini, kisha hutangaza jumla bila kumtaja yeyote. Serikali inaposema imetoa mabilioni, chama hujibu kwa hesabu ya yale ambayo hayajalipwa. Kwa njia hiyo deni lililoachwa na NHIF, lililokadiriwa kuwa takriban Sh30 bilioni, liligeuka suala la kitaifa.

Silaha ya tatu ndiyo kali zaidi, nayo ni kukataa kuhudumu kwa mkopo. Februari 2025, RUPHA ilitangaza kuwa wanachama wake wangesitisha huduma za SHA na kuwataka wagonjwa walipe pesa taslimu. Mapema Machi, Rais William Ruto aliagiza hospitali zilizokuwa zikiidai NHIF Sh10 milioni au chini ya hapo zilipwe zote. Hizo zilikuwa takriban asilimia 91 ya zilizodai. Madai makubwa zaidi yangehakikiwa kwa siku 90.

Ahadi hiyo ilipatikana kwa gharama ya watu ambao hawakuwa mezani. Mfanyakazi aliyekwisha kukatwa mchango wake alitakiwa kulipa tena mfukoni. Mgonjwa naye ana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119, lakini ni nadra kuwa na mwanasheria na mhasibu wa kumwandalia hoja.

Sheria pia ina mipaka yake. Ile ya ushindani ya 2010 inakataza vyama vya kibiashara kuwapendekezea wanachama bei za kutoza. Chama kinaweza kudai Serikali ipandishe kiwango, lakini hakiruhusiwi kuziambia hospitali zote zitoze kiasi kimoja kwa mteja anayelipa mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2025, SHA ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za kuwasilisha madai ya uongo, na hapo kazi ya utetezi ikawa ngumu. Kumtetea kila mwanachama hukipunguzia chama imani kinapodai deni halali. Kunyamaza nako huwaacha wasio na hatia wakihukumiwa kabla ya kusikizwa. Chama kinapozungumzia ulaghai huwa kinawazungumzia pia wale wanaolipa ada zake za uanachama.