Dawa ya kuongeza damu: Mtoto apimwe kwanza

 

Mzazi wa Ngarenaro, Tengeru au Usa River akimwona mwanawe amepauka na hana hamu ya kula, ni rahisi kukimbilia duka la dawa na kununua dawa ya kuongeza damu. Nia ni njema, lakini ni vema tujue kwanza kazi ya madini ya chuma mwilini, na nani mwingine anayeyatafuta.

Qur'an ina sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na katika aya yake ya 25 Allah ametaja nguvu za chuma na manufaa yake kwa watu. Katika damu, chuma ndicho kinachoziwezesha chembe nyekundu kubeba hewa ya oksijeni. Kikipungua, mtu huchoka, moyo humwenda mbio, na viganja vyake hupauka.

Vijidudu navyo vinataka chuma

Karibu bakteria na fangasi wote wanahitaji chuma ili wakue na kuzaliana. Ndiyo maana mwili haukiachi ovyo. Katika damu kimeshikwa na protini iitwayo transferini. Katika machozi, mate na maziwa ya mama kuna laktoferini, inayofanya kazi kama hiyo. Tukiugua, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupunguza chuma kinachoingia katika damu.

Vijidudu vina hila yao. Vikikosa chuma hutengeneza kemikali ndogo ziitwazo siderofori, neno la Kigiriki lenye maana ya mbeba chuma. Kijidudu huitema siderofori nje, nayo hunasa chuma, hata kukipokonya kwenye transferini, kisha kijidudu huirudisha ndani kupitia mlango maalumu. Bakteria aitwaye Escherichia coli, anayetoka na choo, hutengeneza siderofori kali sana iitwayo enterobaktini. Mwili nao hutoa protini ya kuikamata enterobaktini hiyo. Lakini bakteria wa jamii ya Salmonella, wakiwemo wa homa ya matumbo, huivika siderofori yao sukari ili isikamatwe.

Yaliyotokea Pemba

Jambo hili limeshagusa watoto wa nchi yetu. Kuanzia mwaka 2002, kisiwani Pemba, maelfu ya watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa kila siku chuma pamoja na foliki asidi, wakilinganishwa na wasiopewa. Agosti 2003 utoaji huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuugua hadi kulazwa. Wakati huo malaria ilikuwa kali sana Pemba. Hata hivyo, watoto waliopimwa na kuonekana kweli wana upungufu wa chuma na wa damu, walinufaika.

Pwani ya Kenya nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wachanga waliokula uji wenye chuma kilichoongezwa walizidiwa na bakteria wabaya tumboni.

Kuna atakayesema Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na malaria si nyingi. Ni kweli, lakini watoto husafiri kwenda kwa bibi zao Tanga na kwingineko. Tena kuharisha na homa ya matumbo havichagui mlima wala bonde.

Tufanye nini?

Kwanza, mtoto apimwe. Damu hupungua pia kwa malaria, minyoo ya safura na ugonjwa wa selimundu, na kila moja lina tiba yake. Mwenye homa atibiwe homa. Daktari ataamua lini aanze dawa ya chuma. Akiandikiwa, apewe kama ilivyoelekezwa.

Pili, mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula. Al-Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili.

Tatu, tule maharage, mnavu, mchicha, dagaa na nyama, pamoja na chungwa, pera au ndimu. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini, hivyo tuiache walau saa moja baada ya mlo. Wakati wa futari pia tukumbuke hili.

Nne, baada ya kustanji au kumsafisha mtoto, tunawe mikono kwa sabuni. Udhu ni ibada na usafi, lakini hauchukui nafasi ya sabuni.

Tano, mama mjamzito asiache vidonge anavyopewa kliniki, kwani upungufu wa damu ni hatari kwake wakati wa kujifungua. Ila avifungie mbali na watoto: mtoto akivimeza vingi vinaweza kumuua.

Mtoto ni amana. Kumpima hakuchukui muda mrefu, na jibu lake ndilo litakaloonyesha kama dawa hiyo itamjenga au itamdhuru.