Matibabu ni Bure, Nauli ya Mlezi Je?

Mtu mwenye ulemavu ambaye jina lake halimo katika daftari la mtaa wake hahesabiwi popote. Halmashauri ikipanga fedha haimwoni, na viti mwendo vikiletwa na wafadhili vinagawiwa kwa waliojulikana mapema. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ilianzia chini kabisa kwa makusudi: serikali ya kijiji au ya mtaa ndiyo inayopaswa kuwajua watu hawa mmoja mmoja, na kamati za watu wenye ulemavu ziundwe kuanzia hapo kupanda hadi mkoa. Kwa hiyo, kwa familia ya kata yetu ya Kasense inayotaka kujua ianzie wapi kutafuta msaada, jibu langu ni moja: kwa mtendaji wa mtaa, kabla ya kukodi bodaboda kwenda Sumbawanga mjini. Kuandikwa hakulipiwi. Ombeni pia liandikwe jina la anayemtunza, hata kama hamkuulizwa. Nitaeleza kwa nini nalisisitiza hilo.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa kuanzia miaka 7 wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni kama mtu mmoja kati ya kila tisa. Tazameni mkutano wa hadhara wa mtaa wowote katika kata yetu, kisha jiulizeni wako wapi. Wengine wapo pale ila ulemavu wao hauonekani kwa macho. Wengine wamebaki nyumbani, na nyuma ya kila aliyebaki yupo mama, bibi au dada aliyebaki naye.

Mkutano huo si jambo dogo. Kaya zinazoingia katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF huanza kutajwa hapohapo, mbele ya majirani, ndipo maofisa waje kuzihakiki. Familia iliyomficha mtoto ndani kwa aibu, au kwa hofu ya maneno ya watu, inajikuta imefichwa pamoja naye. Ulemavu peke yake haumwingizi mtu katika mpango, kwa sababu kinachopimwa ni umaskini wa kaya nzima. Lakini mtoto asiyetajwa hawezi kupimwa. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mpango una kazi za muda, za kuchimba mitaro, kutengeneza barabara na kadhalika, na malipo yake. Kaya isiyo na mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi hiyo haitakiwi kuachwa nje, maana mpango uliweka ruzuku ya moja kwa moja kwa kaya za namna hiyo. Mama ambaye hawezi kumwacha kijana wake aende mtaroni aiseme hali hiyo wazi wakati wa uhakiki. Asisubiri kuulizwa.

Katika afya, msaada ni mkubwa na mkanganyiko nao ni mkubwa. Tangu Sera ya Afya ya 2007, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa kuanzia miaka 60 wasio na uwezo, wenye magonjwa sugu kama kifua kikuu na ukoma, na watu maskini wasioweza kulipa, wana haki ya kusamehewa malipo katika vituo vya serikali. Ulemavu wenyewe si tiketi ya kutibiwa bure hospitalini, na watu wengi hukasirika dirishani kwa kutolijua hilo. Kinachofungua mlango ni umri, ugonjwa au kukosa uwezo. Mtu mzima mwenye ulemavu asiye na uwezo aende na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wake, na akifika hospitali aulize kwanza ilipo ofisi ya ustawi wa jamii, hata kabla ya kufika kwa mpokea fedha. Afisa wa ofisi hiyo ndiye anayeshughulikia msamaha. Barua ikichukuliwa baada ya deni kuandikwa, kazi yote inakuwa ngumu.

Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zimegeukia ndani. Ulemavu huu unatibika karibu wote ukiwahiwa, bila upasuaji mkubwa, kwa njia iliyobuniwa na daktari Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani. Mguu unanyooshwa kidogokidogo kwa mikono, unafungwa plasta, na wiki inayofuata plasta inabadilishwa. Plasta tano au sita, pengine nane. Kisha mtoto anavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kibao, karibu saa zote za siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi afikishe kama miaka minne. Akivuliwa mapema kwa sababu analia, mguu unarudi ulikotoka. Kwa kuwa yuko chini ya miaka mitano, sera inamsamehe malipo ya kituo cha serikali. Lakini nani anayembeba kila wiki? Ni mama yake, na mara nyingi ni kati ya Novemba na Aprili, mvua ya Ufipa inaponyesha, barabara za udongo zinateleza, na shamba la mahindi na maharage linamngoja kwa palizi. Safari nane ni siku nane zisizo na jembe, na nauli nane. Nimeamini kwa muda mrefu kuwa watoto wengi wanaoachishwa matibabu haya njiani hawaachishwi na uzembe wa wazazi. Wanaachishwa na nauli.

Kuna mahali hesabu hiyo imewahi kufanywa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, inayofanya bila malipo upasuaji wa fistula na wa mdomo wazi, ilianza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa wa fistula pesa ya safari kwa simu, kupitia M-Pesa, ili umbali usiwe sababu ya mwanamke kubaki na mateso yake mkoani. Waliona kwamba tiba ya bure isiyo na nauli inawafaa wanaoishi karibu.

Ngozi ya watu wenye ualbino nayo isisahauliwe. Mkoa wetu wa Rukwa unajua uchungu wa mashambulizi dhidi yao, lakini jua huwadhuru wengi zaidi, kimyakimya, kwa saratani ya ngozi. Nyanda hizi zina baridi, na baridi inadanganya: jua la kimo hiki linachoma hata mtu akiwa amevaa sweta. Mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili ya ngozi zao hugawiwa bure kupitia kliniki. Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa, na ulizeni Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Kofia pana na shati la mikono mirefu visingoje mgao.

Kuhusu shule nitasema machache. Ada imefutwa shule za msingi na sekondari za serikali, kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 kidato cha tano na sita. Manispaa yetu ina Shule ya Msingi Malangali, inayopokea watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Anzeni mapema, mtoto akiwa na miaka mitano au sita.

Mikopo isiyo na riba ya halmashauri ndiyo inayotajwa zaidi redioni. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona, na idadi ya watu wanaotakiwa katika kikundi cha wenye ulemavu ni ndogo kuliko ya makundi mengine, kwa hiyo msikate tamaa kwa kuwa mko wachache. Tahadhari yangu: huu ni mkopo, unarudishwa. Mtu asiuchukue kwa ajili ya dawa.

Ndugu aliye nje akitaka kutuma kiti mwendo au kifaa kingine kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inakisamehe ushuru. Msamaha uombwe TRA kabla mzigo haujafika. Gari lililoundwa maalumu kwa mtu huyo nalo linahusika, moja.

Sasa narudi kwa anayetunza. Sheria ya 2010 inawapa ndugu wajibu wa kumhudumia mwenzao mwenye ulemavu, na wajibu huo watu wa hapa walikuwa nao kabla ya sheria yoyote. Malipo kwa anayehudumia nimeyaona wazi katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008: mwajiriwa aliyeumia kazini akawa hawezi kujihudumia, Mfuko wa WCF humlipa pia fedha kwa ajili ya mtu anayemhudumia. Kama kijana wenu alivunjika mgongo akiwa kazini kwa mkandarasi wa barabara, hilo ni dai halali. Mwajiri atoe taarifa, na msikubali kumalizana kwa bahasha. Huduma ya sheria kwa wasio na uwezo nayo ni bure, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Bibi wa Kasense anayemgeuza mjukuu wake kitandani mara tano kwa siku hamo katika sheria ya fidia, kwa sababu mjukuu hakuajiriwa na mtu. Kenya wana mpango, chini ya Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote. Ni pesa kidogo, lakini imemtambua anayeangalia. Ndiyo sababu ninataka jina lake liandikwe daftarini. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai Mosi, na mapendekezo huibuliwa mitaani miezi mingi kabla. Mtaa ukifika kwa diwani na orodha ya majina mawilimawili, la mwenye ulemavu na la anayemtunza, pamoja na idadi ya safari za kliniki za mwaka, unaweza kudai fungu la nauli la kiasi kinachojulikana. Bila orodha hiyo, diwani hana cha kusimamia barazani.