Kisu cha Nyumbani: Kukichagua, Kukinoa na Kukitunza kwa Mujibu wa Sharia

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Sengerema, kuanzia mjini hadi Buchosa na visiwa vya Kome na Maisome, kisu kimoja hufanya kazi zote. Asubuhi kinakata vitunguu, mchana kinapara sato, na mgeni akifika jioni hicho hicho kinatumika kuchinjia kuku. Mara nyingi ni kisu cha bati jembamba kilichonunuliwa gulioni, ambacho hakijaonja kinoo tangu siku kilipoingia nyumbani. Watu huona jambo hili ni kero ya mpishi tu. La hasha, ndugu Muislamu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, kisu butu kinaweza kuifanya nyama isiwe halali.

UKALI WA KISU KATIKA SUNNA

Hadithi iliyo msingi wa suala hili ameipokea Shaddad bin Aus (R.A.), nayo imo katika Sahih Muslim. Mtume (S.A.W.) ameeleza humo kwamba Allah ameandika ihsani katika kila jambo, kisha akaamrisha kwamba mwenye kuchinja achinje vizuri, anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tuangalie mpangilio wa maneno hayo: kunoa kisu kumetajwa ndani ya mlango wa ihsani, pamoja na kuchinja kwenyewe.

Katika Sahih Muslim pia, Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuchinja kondoo dume wa udh-hiya alimwambia alete kisu, kisha akamwamuru akinoe kwa jiwe. Akafanya hivyo. Ndipo Mtume (S.A.W.) akakichukua, akamlaza kondoo, akamtaja Allah na kumwomba aipokee ibada hiyo. Hapa tunajifunza kwamba kunoa ni kazi ya nyumbani, haimtoi mwanamke katika heshima yake, na ni sehemu ya maandalizi ya ibada. Tena Imamu Bukhari amepokea habari ya kijakazi wa Kaab bin Malik (R.A.) aliyekuwa akichunga kondoo katika mlima wa Sal'. Aliona mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe na kumchinja kwa ncha yake, na Mtume (S.A.W.) akaruhusu aliwe. Kwa hiyo mwanamke anachinja, na jambo linalozingatiwa ni makali ya chombo, si thamani yake.

KISU BUTU NA HUKUMU YA NYAMA

Katika hadithi ya Rafii bin Khadij (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, imeruhusiwa kila kitu chenye kutiririsha damu pamoja na kutajwa jina la Allah, isipokuwa jino na kucha. Kutokana na hadithi hii, wanazuoni wa Kishafii wamesema chuma, shaba, jiwe, kioo na ubao wenye makali vyote vinafaa, na wakaongeza mifupa yote katika vilivyokatazwa.

Kuhusu kisu butu, vitabu vya madhehebu vinaweka masharti mawili ili nyama iwe halali. La kwanza, kukata kusitegemee nguvu za mchinjaji badala ya makali ya kisu. La pili, koromeo linalopitisha hewa na umio unaopitisha chakula vikatwe vyote kabla mnyama hajafikia harakati za aliyekwisha kuchinjwa. Likikosekana mojawapo, mnyama huyo ni mzoga. Sababu yake ni wazi. Katika Suratul Maida (5:3) Allah ameharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Na Adiy bin Hatim (R.A.) alipouliza kuhusu windo, Mtume (S.A.W.) alitofautisha kati ya lililouawa kwa ncha na lililouawa kwa ubapa: la kwanza linaliwa, la pili haliliwi. Basi kisu kinachoponda shingo kwa uzito wa mkono kinakaribia hukumu ya rungu.

Tuongeze adabu mbili. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyemlaza kondoo huku akinoa kisu chake mbele yake, kwa kuwa ni kama kumuua zaidi ya mara moja. Na katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopo kwa Ibn Maja na Ahmad, visu vimeamrishwa vinolewe na vifichwe wanyama wasivione. Ingawa isnadi ya hadithi hii ya pili imezungumzwa, maana yake inaungwa mkono na zilizotangulia. Kwa hiyo kisu kinolewe mapema, wala si wakati kuku yuko chini ya mguu.

AMANA YA ANAYECHINJIA WENGINE

Katika Kanda ya Ziwa jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa muda mrefu ilikuwa mazoea kwamba Muislamu ndiye anayechinja kitoweo cha watu wote sherehe na misiba inapokutanisha watu wa dini mbalimbali, na machinjioni vilevile. Baadaye mazoea hayo yakazua ubishi, na Februari 2013 mzozo wa nani achinje uliofikia Buseresere, mkoani Geita, ulisababisha kifo cha mchungaji. Damu ya mtu ni nzito mno mbele ya Allah, na hakuna kitoweo kinachostahili kumwagiwa damu hiyo.

Funzo kwetu sisi ni hili: mwenye kushika kisu kwa niaba ya watu ameshika amana. Akija na kisu butu, akamtesa mnyama mbele ya majirani, ameivunja amana hiyo mara mbili: kwanza kwa mnyama, kisha kwa watu waliomwamini kwamba anachinja kwa sharia. Imamu au mwalimu wa madrasa anayeitwa kuchinja afike na kisu chake alichokinoa mwenyewe, asitegemee atakachokuta jikoni kwa watu.

CHUMA CHA KANDA YETU

Katika Suratul Hadid (57:25) Allah ametaja kwamba ameteremsha chuma, chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Katika Suratu Saba (34:10-11) ametaja kwamba alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma ili atengeneze mavazi ya vita kwa kipimo. Sahaba Khabbab bin Al-Aratt (R.A.) alikuwa mhunzi Makka, na kazi hiyo haikumpunguzia daraja.

Watu wa kandokando ya Ziwa wanapaswa kuyasoma haya kwa makini, kwani wao wenyewe ni warithi wa elimu ya chuma. Mabaki ya tanuri yaliyochimbuliwa Katuruka, mkoani Kagera, yana umri wa zaidi ya miaka 2000. Huku Buzinza, nchi ambayo Sengerema imo ndani yake, wahunzi waliojulikana kama Warongo waliyeyusha chuma kutokana na mawe, na majembe ya Buzinza yakauzwa Usukuma na Unyamwezi, hata yakatumika kulipia mahari. Kuyeyusha mawe kulififia majembe ya kiwandani yalipoenea, lakini uhunzi wa chuma chakavu umebaki.

KUCHAGUA KISU

Kwanza, tazama chuma. Visu vya dukani visivyoshika kutu vimechanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Vinafaa kwa samaki, nyanya na ndimu kwa kuwa havibadiliki rangi upesi, lakini vile vya bei ya chini sana huwa laini na hupoteza makali haraka. Kisu cha mhunzi kilichotokana na springi ya gari kina kaboni ya kutosha, hushika makali vizuri na hunoleka kwa urahisi, ila hupata kutu kisipokaushwa. Kisu kilichofuliwa kutokana na nondo ya kujengea kikwepe, kwani nondo ina kaboni kidogo na haikubali kuwa ngumu.

Ukiwa kwa mhunzi, muulize kama ametia kisu maji, yaani kukipasha hadi kiwe chekundu na kukizamisha ghafla katika maji au oili, kisha kukipasha tena kidogo ili kisivunjike. Jaribu kwa tupa: ikiteleza juu ya makali bila kuyala, chuma kimekuwa kigumu, ikiyala kama inavyokula msumari, kisu hicho ni laini.

Pili, tazama mpini. Chuma kiingie mpaka mwisho wa mpini na kikazwe kwa misumari isiyocheza. Mpini wenye nyufa hukusanya damu na mafuta, na mpini unaolegea humjeruhi mwenye kukata.

Tatu, tazama urefu. Kwa kuchinja, bapa lifike walau mara mbili ya upana wa shingo ya mnyama, ili kisu kipite kwa kuvutwa bila kukandamizwa. Kwa kuku, sentimita 15 zinatosha, na kwa mbuzi sentimita 20 hadi 25. Nyumba ya kawaida inatoshelezwa na visu vitatu: kirefu cha kuchinjia na nyama, chembamba cha samaki, na kidogo cha kumenyea. Mwenye uwezo akitenge kile cha kuchinjia, asikitumie kwa mihogo wala kuni.

KUNOA

Tumia kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha. Jiwe la matale, yale mawe makubwa ya Mwanza, lina chembe kubwa mno na huacha mapengo. Asiye na kinoo anaweza kutumia ukingo wa chini wa kikombe cha udongo, pale pasipopakwa rangi ya kung'aa.

Lowesha kinoo. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kiasi cha nyuzi 15 hadi 20. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 4 huo ni mwinuko wa sentimita 1 na zaidi kidogo. Sukuma kwa mwinuko huo huo mpaka uhisi kikwaruzo chembamba kimejitokeza upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa upande laini, ukibadilisha pande kila mara bila kukandamiza, kisha pitisha kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Kijaribu kwa karatasi au nyanya, si kwa kidole. Kwa kisu cha kuchinjia, pitisha pamba kando ya makali: penye pengo patanasa nyuzi.

Ukimpelekea mnoaji wa gurudumu, mwombe achovye kisu majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu yamepata joto kupita kiasi na ugumu umeondoka.

TAHARA NA UTUNZAJI

Damu ni najisi. Wanazuoni wa Kihanafi wanaona kisu laini kinatoharika kwa kufutwa tu, lakini kwa Mashafii hakina budi kuoshwa kwa maji. Iondoe damu kwa maji ya baridi kwanza, kwani maji ya moto huigandisha. Damu inayobaki ndani ya nyama baada ya kuchinja imesamehewa, hivyo kisu kilichokata nyama hiyo kisitiwe wasiwasi. Ikitokea mhunzi alikizamisha kisu katika maji ya najisi, kauli yenye nguvu ni kwamba kuosha nje yake kunatosha.

Kisu kilichoazimwa na kukatiwa nguruwe, kwa madhehebu ya Shafii kioshwe mara 7, moja kwa udongo, kwa kumlinganisha nguruwe na mbwa. Ingawa Imamu Nawawi ameona kwamba kwa upande wa dalili mara moja inatosha. Kuazimana na majirani kusikatwe, na wala tahara isipuuzwe.

Baada ya kuosha, kausha papo hapo. Usikiache kisu ndani ya beseni la vyombo: hupata kutu, hugonga sufuria, na humkata anayeingiza mkono. Kata juu ya ubao, si juu ya sahani wala jiwe. Kisu cha mhunzi kipake mafuta ya kula kidogo kabla ya kukihifadhi.

USALAMA WA WATU

Mtume (S.A.W.) amekataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala, kama alivyopokea Jabir (R.A.), na ameonya dhidi ya kumwelekezea ndugu silaha, kwani shetani huenda akauvuta mkono. Kisu kinaingia katika maana hiyo. Mpe mwenzio kwa upande wa mpini, au kiweke chini akiokote. Kitengenezee ala ya ngozi au ya ubao, na kikae mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Enyi Maimamu na wanafunzi, tuwafundishe watu wetu jambo hili kabla ya Idd kufika, sio asubuhi ya Idd yenyewe. Katika Suratul Hajj (22:37) Allah ametuambia kwamba nyama na damu havimfikii, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Na katika ucha Mungu huo ni mtu kukaa barazani jioni moja, kinoo mbele yake, akamwondolea maumivu kiumbe atakayemchinja kesho.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.