Kabla katapila halijaingia porini

Kiangazi ndicho kipindi cha kufungua mashamba mapya mkoani Ruvuma. Kuanzia milima ya Umatengo na Kingerikiti hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, watu hufyeka, hung'oa visiki na kuchoma moto ili mvua za Novemba au Desemba ziwakute tayari. Kwa shoka, panga na jembe, kazi hiyo huichukua familia wiki nyingi. Ndiyo maana mwenye uwezo, au kikundi kilichochangishana, hukodi katapila au trekta kubwa. Pori lililokuwepo asubuhi, jioni halipo.

Kabla ya kukodi, watu huuliza bei ya saa, mafuta ni ya nani na dereva atalala wapi. Swali ambalo mara nyingi halina wa kuliuliza ni hili: nani ataumia siku ya kazi, na nani ataugua mashine ikishaondoka? Majibu yake yanajulikana, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

Funzo la Kongwa

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa kazi hii kufanywa kwa pupa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika. Ulianzia Kongwa, kisha ukapelekwa Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Yaliletwa matrekta na makatapila, mengi yakiwa masalia ya Vita vya Pili vya Dunia, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kuangusha pori.

Mwaka wa kwanza zilipangwa ekari 150,000, lakini zilizokuwa tayari hazikufika 10,000. Mizizi ilivunja vyuma, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, na maji yalikuwa shida. Nyuki waliochokozwa waliwavamia madereva, na baadhi yao walilazwa hospitalini. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36.

Wale mabwana walihesabu ekari na matrekta. Hawakulichunguza pori lenyewe: nani anaishi ndani yake, maji yake yanakwenda wapi, na udongo wake ukifunuliwa utakuwaje. Kosa hilo linaweza kufanyika hata kwenye shamba la ekari mbili.

Kufyeka kuna faida zake

Tusilaumu kila anayesafisha pori. Kuna maradhi ambayo vichaka huyalinda. Miaka ya 1920, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, C.F.M. Swynnerton, aliwahamasisha wananchi wa Shinyanga kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o, wanaoeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o wa nyika huhitaji kivuli na wanyama wa kunyonya damu. Ukiviondoa, hawakai.

Lakini kazi ile ilifaulu pale ilipofanywa kwa mpango, eneo pana kwa pamoja, na watu wakahamia na kulima ili kichaka kisirudi. Shamba dogo lililokatwa katikati ya pori bado lina mbung'o pembeni yake. Anayelima kando ya pori lenye mbung'o akipata homa zisizoisha, maumivu ya kichwa na kuvimba tezi, na kipimo cha malaria hakioneshi kitu, amwambie mganga kwamba anafanya kazi porini. Maneno hayo machache yanaweza kubadili vipimo atakavyofanyiwa.

Hatari za siku ya kazi

Nyuki ndio wa kwanza. Mngurumo na mtikisiko wa mashine huwaudhi kuliko panga. Wakivamia, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, ukijifunika uso. Usisimame kuwapiga. Ukishakuwa salama, ondoa miiba haraka kwa kuikwangua, kwa sababu huendelea kumimina sumu. Aliyeumwa na nyuki wengi apelekwe hospitali hata kama anajisikia nafuu, kwani sumu nyingi inaweza kuharibu figo saa au siku kadhaa baadaye. Anayevimba midomo au kupumua kwa shida, hata kwa mwiba mmoja, ni dharura.

Wa pili ni nyoka. Kifutu hakimbii, hujilaza kimya akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana huwauma vibarua wanaokusanya matawi nyuma ya katapila. Wengine huhamia kwenye nyumba za jirani. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kifungwe kwa ubao kisichezecheze kama mfupa uliovunjika, kisha abebwe hadi kituo cha afya. Usichanje, usinyonye sumu, usikaze kamba. Mambo hayo matatu yamewafanya watu wengi wakatwe miguu ambayo ingeweza kupona. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi mara moja.

Mimea nayo ina silaha zake. Upupu ukivurugwa hupeperuka na kuwasha ngozi na macho. Mnyaa ukipondwa hurusha utomvu mweupe unaounguza jicho. Dawa ya kwanza ni kuosha jicho kwa maji safi kwa angalau dakika 15, kisha kwenda hospitali. Kusugua huongeza jeraha.

Halafu kuna mashine yenyewe. Katika milima yetu, hatari kubwa ni kupinduka. Trekta lenye fremu ya kinga na mkanda humlinda dereva aliyefunga mkanda. Lisilo na fremu humwangukia. Utingo kuning'inia kwenye trekta, au watoto kulifuata katapila ili kuokota kuni, ni kucheza na kifo, kwa kuwa dereva haoni kilicho nyuma wala mti unaoanguka upande wa pili.

Kelele haziui, lakini huchukua masikio taratibu. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Katapila lisilo na kibanda hupita kiwango hicho, na msumeno wa mnyororo huvuka 100. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, masikio yako yanaumia. Vizibo vya masikio ni bei ndogo.

Mwisho ni visiki na miiba. Jeraha dogo lililoingia udongo linaweza kuleta pepopunda. Wanawake wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tangu utoto. Kila kibarua aliyejichoma aende zahanati siku hiyo hiyo.

Mashine ikiondoka, mbu huja

Ugonjwa unaoweza kuwafikia watu wengi zaidi huanza baada ya katapila kupanda lori na kwenda zake. Minyororo na magurudumu huacha mashimo na mikwaruzo mirefu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mashimo hayo hujaa maji. Mbu anayeeneza malaria kwa wingi Afrika, Anopheles gambiae, hupenda dimbwi la namna hiyo: dogo, la muda, lisilo na majani mengi, linalopigwa na jua. Kwenye joto, yai linaweza kuwa mbu anayeruka katika muda wa wiki moja hadi mbili.

Watafiti waliofanya kazi nyanda za juu za magharibi mwa Kenya wameona kwamba penye miti iliyokatwa, joto la madimbwi na la ndani ya nyumba hupanda, na mbu hukua haraka kuliko penye msitu. Hilo linatuhusu. Watu wa mwambao wa Nyasa wameizoea malaria, lakini wa milimani huitegemea baridi iwalinde. Kinga hiyo hupungua pori likiondoka na madimbwi yakibaki.

Tiba ya jambo hili ni koleo. Mlipe dereva saa moja zaidi asawazishe njia zake kabla hajaondoka, na mabaki yafukiwe kwa jembe kabla ya mvua. Kila mtu wa nyumba iliyo karibu alale ndani ya chandarua chenye dawa, na mtoto mwenye homa apimwe ndani ya siku moja.

Mlima una namna yake

Katapila hubeba na udongo wa juu pamoja na vichaka. Kwenye mteremko, udongo uliobaki wazi hushuka na mvua hadi kwenye chemchemi na kijito ambacho watu huchota maji. Maji yenye tope ni magumu kutibu, kwa sababu dawa ya maji hupoteza nguvu ndani ya tope, na matokeo yake ni kuharisha. Wakati huo huo, shamba lililopoteza rutuba hutoa maharage machache, na mtoto hukosa mboga yenye protini.

Wamatengo walilijua hili kabla ya wataalamu. Kilimo cha ngolo, cha kulaza nyasi kwa mistari inayokatana, kuzifunika kwa udongo na kuacha mashimo katikati, hushika maji na udongo kwenye miteremko mikali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walikifanyia utafiti katika miaka ya 1990. Mahali pa ngolo si mahali pa katapila. Mashine ibaki kwenye tambarare, na mteremko uachiwe jembe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita hizo ndizo chujio la maji unayokunywa.

Moto wa mwisho

Marundo ya matawi huchomwa. Moshi wake huwaumiza zaidi watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye pumu. Chomeni rundo dogo dogo, likiwa kavu, siku isiyo na upepo kuelekea nyumba, na mwenye pumu aondoke mapema akiwa na dawa yake. Usichome mnyaa wala upupu, kwa sababu moshi wake huwasha macho na koo. Yasiyo ya lazima kuchomwa, yaache yaoze yawe mbolea.

Kabla hujakubali bei

Kaa na mwenye mashine mkubaliane mambo haya. Mzee anayelijua pori azunguke kwanza na kuonesha mizinga, mashimo, chemchemi na mnyaa. Kila anayefanya kazi avae viatu vya juu, suruali ndefu na kinga ya macho na masikio. Watoto wasisogee. Pawe na maji safi ya lita 20 ya kuoshea macho na majeraha, na chombo cha usafiri kinachojulikana kuelekea kituo cha afya.

Muulize pia kama vijana wake wamesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri anapaswa kuchangia, na kibarua aliyevunjika mgongo bila usajili huishia kuuza shamba la baba yake ili atibiwe.

Mwisho, andikeni kwamba kusawazisha mashimo ni sehemu ya kazi. Katapila halijamaliza kazi kama limeacha madimbwi nyuma yake. Usimlipe dereva kipande cha mwisho mpaka umezunguka shamba lote na kuona kwamba mvua ikija, maji hayatakuwa na pa kutuama.